Vundika Samadi Kabla ya Mvua za Novemba

Samadi mbichi ikitoka zizini moja kwa moja hadi shambani, mahindi ndiyo yanayoumia. Inachachukia humo humo shimoni, inaunguza mizizi michanga, na mbegu za magugu zilizopita tumboni mwa ng'ombe zinaota kabla ya mahindi yenyewe. Sisi wa Mbeya na Iringa tuna kiangazi kirefu cha kuivundika. Anza Oktoba mwanzoni, mvua za Novemba zikukute tayari.

Chini ya paa, changanya magunia matano ya samadi, matano ya pumba za mpunga na matano ya udongo mkavu wa shamba. Pumba utazipata mashineni Igurusi au Ubaruku. Wa Iringa wakatafute Pawaga. Ongeza gunia moja la pumba laini za mahindi. Koroga gramu 100 za hamira na lita moja ya molasi kwenye ndoo ya maji ya vuguvugu, unyunyizie. Kama nyumbani hupikwa komoni, machicha yake mabichi nayo yanafaa.

Maji ndipo wengi wanapoharibu. Chota konzi la mchanganyiko, ulikamue kwa nguvu. Libaki donge bila kudondosha tone. Likidondosha, ongeza pumba. Likimomonyoka, ongeza maji kidogo kidogo.

Siku ya pili chomeka fimbo hadi katikati ya lundo, subiri dakika tano, ichomoe uishike. Ikikushinda kwa moto, geuza lundo papo hapo. Joto likizidi sana, vijidudu vinavyochachusha hufa na naitrojeni hutoroka hewani; ndiyo harufu ile inayowasha macho. Majivu nayo huifukuza naitrojeni, kwa hiyo usiyatie humu. Siku tano za mwanzo geuza asubuhi na jioni, hata mgongo ukiuma. Baadaye mara moja kwa siku, ukishusha kimo cha lundo.

Baada ya wiki mbili au tatu (baridi ya Mufindi huchelewesha) mbolea imepoa na inanukia udongo wa msituni. Tia makonzi mawili kila shimo la mahindi, funika kwa udongo kidogo, ndipo uweke mbegu.

Usiache mbolea ya dukani shamba zima kwa msimu mmoja. Jaribu mistari kumi kwanza, na uichomekee vijiti mwanzo na mwisho, maana siku ya kuvuna hutakumbuka iliishia wapi.