Pa Kulala Kigoma Kabla ya Kupanda Meli: Kwa Wanaoshuka Kutoka Kakonko, Kibondo na Kasulu

Kigoma haina bandari moja, na hilo ulijue kabla hujauliza bei ya chumba. Meli kubwa hufunga gatini katika Bandari ya Kigoma, mjini, chini ya stesheni iliyojengwa na Wajerumani, pale Reli ya Kati ilipofika mwaka 1914 ikakomea kwenye maji. Boti za mbao za kwenda kaskazini, yaani Gombe, Mwamgongo hadi Kagunga karibu na mpaka wa Burundi, huondokea mwalo wa Kibirizi, kilomita chache kutoka katikati ya mji. Za vijiji vya kusini hupakia Ujiji. Kiserikali yote hayo ni Manispaa ya Kigoma Ujiji. Ukiwa na magunia mawili ya maharage na mtoto mgongoni, ni sehemu tatu tofauti kabisa, na nauli tatu tofauti.

Kwa hiyo anayetoka Kakonko akamwambia dereva wa bajaji "nipeleke gesti ya karibu na bandari" hajasema kitu. Atapelekwa kwenye gesti anayoijua dereva, na mara nyingi ni ile inayompa chochote kwa kila mgeni anayemleta. Taja chombo chako kwanza. Kisha taja mtaa.

Na kabla ya mtaa, hakikisha chombo chenyewe kipo. Wageni wengi, hasa kutoka Ulaya, huja wakiulizia MV Liemba, na hawana kosa. Meli ile ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa upya na kuingizwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi isije ikatekwa, baada ya kuipaka injini grisi nyingi kwa matumaini ya kuirudia. Waliofaidi grisi hiyo ni Waingereza: waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba. Kwa miaka mingi ilitoka Kigoma Jumatano saa kumi jioni, mara moja kila wiki mbili, ikiteremka na ziwa hadi Kasanga na Mpulungu ya Zambia. Ratiba hiyo bado imechapwa kwenye vitabu vya watalii na inanakiliwa kila mahali. Usiifuate. Liemba ilisimama miaka kadhaa kwa ajili ya ukarabati mkubwa, na kuna watu waliokwisha kulipia hoteli za siku tatu wakisubiri meli iliyokuwa imeegeshwa mbele ya macho yao.

Dawa yake ni ndogo. Siku mbili kabla ya kuondoka Kibondo au Kakonko, tafuta mtu aliyeko Kigoma aende hadi ofisi ya meli ya serikali pale bandarini, ile ambayo wengi bado wanaiita MSCL, aulize mambo mawili: chombo gani kinaondoka, na tiketi zinakatwa lini. Asiulize "meli ipo?" kwa sababu jibu la Kigoma kwa swali hilo huwa "ipo". Kuwepo na kuondoka ni mambo mawili. Hata chombo kizima husubiri shehena, husubiri mafuta, husubiri kibali. Ndiyo maana nashauri ulipe chumba usiku kwa usiku, hata kama mwenye gesti anakupunguzia bei kwa kulipa siku nyingi. Punguzo hilo utalijutia meli ikiondoka mapema kuliko ulivyodhani, jambo ambalo nalo hutokea.

Safari ya kushuka sasa si ile ya zamani. Barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, kilomita 260, imebadilisha hesabu za watu wa nyanda hizi. Kipande ambacho masika kilikuwa kinalaza mabasi njiani sasa ni habari ya kuwasimulia watoto. Hata hivyo usipange kufika Kigoma siku ileile ya meli. Fika jana yake, mchana. Ukichelewa njiani na jua likawa linakuzamia ukiwa Kasulu, lala Kasulu. Wengi hulikataa wazo hili kwa sababu wanataka "wafike kabisa", lakini Kasulu kuna baridi nzuri, vyumba ni vya bei ya wenyeji, na Kigoma iko mbele kilomita tisini hivi za lami. Ukiondoka alfajiri unafika asubuhi, wakati wa kuchagua chumba kwa mwanga. Anayeingia Kigoma saa nne za usiku hachagui chumba, anachaguliwa.

Sasa mitaa. Stendi kuu ya mabasi iko Masanga, upande wa Gungu, mbali na maji. Gesti zilizoizunguka zinafaa kwa anayesubiri basi, si kwa anayesubiri meli. Mwanga ndio mtaa ninaoupendekeza kwa wengi. Uko juu ya mlima kidogo, kuna soko, kuna gesti za kila hali, mama ntilie hawakosekani, na usafiri wa kushuka stesheni au kwenda Ujiji unapita siku nzima. Ukilala Mwanga hata meli ikiahirishwa hukwami: unashuka kuuliza, unarudi kula, unalala tena kwa bei ileile.

Kwa anayeondoka na meli kubwa akiwa na mzigo mzito, mjini karibu na stesheni ni bora zaidi, kwa kuwa unaweza kwenda getini kwa mkokoteni. Vyumba ni vichache na bei inapanda kadiri unavyolisogelea ziwa. Hapo kando ya maji ndipo ilipo Lake Tanganyika Hotel, na mbele zaidi, juu ya rasi, Kigoma Hilltop. Ni hoteli za wenye mkutano, harusi au dola. Jua likizama upande wa Kongo ukiwa umekaa pale, huwezi kubisha kwamba kuna thamani ya fedha. Lakini kama shida yako ni kuwahi foleni ya tiketi, mandhari haikusogezi mbele hata hatua moja.

Kibirizi usilale, isipokuwa una ndugu. Boti za kaskazini kwa kawaida hujaza abiria na kuondoka kuelekea mchana, kwa hiyo aliyelala Mwanga anazo saa za kutosha za kuamka, kunywa chai na kufika. Mwalo ni mahali pa kazi: dagaa, mafuta, mbao, kelele za wapagazi tangu alfajiri. Ujiji nako ulale tu kama boti yako ni ya kusini, au kama unataka kuona mwembe na mnara wa pale Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871. Huo mnara unatazamwa kwa saa moja ukitokea Mwanga.

Ukishafika kwenye gesti, ingia chumbani, usiishie mlangoni. Sisi wa Kibondo na Kasulu tumezoea kuulizia blanketi. Kigoma iko chini, mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa joto hutalihitaji. Utakachohitaji ni chandarua, feni na maji. Kwa miaka mingi mkoa huu umekuwa miongoni mwa yenye malaria nyingi nchini, na kando ya ziwa mbu hawana mzaha. Kishushe chandarua, kitandaze kitandani chote, kitazame kwa kukielekeza kwenye taa. Kikiwa na fundo la uzi hapa na pale, mwenye nyumba anakijali. Kikiwa na tundu linalopitisha kidole, omba kingine kabla hujalipa, kwa sababu ukishalipa mhudumu hutamwona tena mpaka asubuhi. Washa pangaboi liende mwisho, usikilize: likilia kama mashine ya kusaga, utalizima saa sita usiku na kuamka umelowa jasho. Fungua bomba. Bomba likikohoa upepo, uliza kama ndoo hujazwa jioni. Umeme si kilio kama enzi za majenereta, maana mkoa uliunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2022, ila tochi ya simu iwe na chaji.

Swali ambalo watu husahau ni saa ya kutoka. Gesti nyingi zinataka chumba saa nne asubuhi, na meli ya jioni inakuacha na saa sita za kukaa juani na mizigo. Limalize kaunta mapema:

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Unataka self au ya kawaida?"

"Self. Kutoka ni saa ngapi?"

"Saa nne."

"Meli yangu ni saa kumi jioni, mama."

"Mzigo utauacha hapa kwangu, hamna neno. Ila sitaki dagaa."

Hilo la dagaa wanamaanisha. Mfanyabiashara anayerudi Kakonko na magunia ya dagaa na madumu ya mawese atafute nyumba yenye uwa au stoo, aulize mapema, asijaribu kuupitisha mzigo usiku. Wengine wanaotoza chumba cha pili kwa ajili ya gunia wana haki yao.

Mwanamke anayesafiri peke yake, au mwenye watoto, aikwepe nyumba iliyounganishwa na baa. Bei itakuwa ndogo na muziki utakwenda hadi saa nane za usiku, tena wateja wa saa moja moja watakuwa wanaingia na kutoka kwenye korido yako. Gesti ambayo mwenyewe anaishi palepale, ambayo mlango wa nje hufungwa saa tano, hata ikiwa ya choo cha pamoja, ni bora mara mbili.

Kitambulisho usikiache nyumbani. Kitabu cha wageni kitataka jina, kabila, utokako na uendako, na mkoa huu ni wa mpakani: kadi ya NIDA huulizwa barabarani, huulizwa gesti, huulizwa bandarini. Muha aliyezaliwa Kakonko hukereka kuulizwa uraia wake ndani ya mkoa wake, na ana haki ya kukereka, lakini kadi mfukoni humaliza mjadala haraka kuliko hasira.

Anayevuka kwenda Kalemie, Uvira au Bujumbura ana hesabu nyingine ya siku za kulala. Pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria hutolewa na Uhamiaji siku za kazi, kwa hiyo ukifika Jumamosi huna hati utalipa chumba hadi Jumatatu bure. Chanjo ya homa ya manjano ndiyo inayowaumbua wengi. Cheti chake huanza kutambulika siku kumi baada ya kuchomwa sindano, na Kongo wanakiulizia. Ukichanja Kigoma leo ili uvuke kesho, umejipa siku kumi za gesti au ugomvi kwenye geti la ng'ambo. Uliza hospitali ya wilaya mapema, kabla hata ya kununua tiketi ya basi.

Kula ni raha ya Kigoma, wala sitakuharibia kwa maelezo mengi: mgebuka wa mawese na ugali wa muhogo, mchana, kabla haujaisha. Cha kupanda nacho melini ni mkate, ndizi na maji ya kunywa ya kutosha. Maji ya ziwa ni maangavu mno, yanashawishi, na si ya kunywa bila kuchemsha. Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipofurika Kagunga, kipindupindu kiliua watu wasiopungua 30, na Liemba hiyohiyo ndiyo iliyowabeba maelfu kuwaleta Kigoma, wakapandishwa mabasi hadi Nyarugusu, Kasulu. Watu wa huku juu tunalikumbuka hilo kwa sababu mabasi yalipita milangoni kwetu.

Jambo la mwisho ni la kurudi, maana usiku wa kurudi unafuata kanuni nyingine. Chombo kikikushusha jioni, usilale tena mjini kwa sababu ya mazoea ya siku ya kwenda. Panda bajaji hadi Gungu, kata tiketi Masanga usiku huohuo, lala hatua chache kutoka stendi. Mabasi ya Kasulu, Kibondo na Kakonko huondoka alfajiri, na hayamsubiri aliyelala karibu na ziwa.