Kamera ya Jicho Moja

Filamu ya The Fellowship of the Ring ilipotoka Desemba 2001, kompyuta tayari ziliweza kuchora jeshi zima likishuka mlimani. Kipande ninachokipenda kuliko vyote katika filamu hiyo hakina jeshi. Kiko mwanzoni: mzee Gandalf anaendesha gari la farasi, Frodo kakaa ubavuni mwake, wanazungumza. Gandalf ni mtu mrefu. Frodo ni hobiti, kiumbe mwenye kimo cha mtoto. Lakini Ian McKellen na Elijah Wood, walioigiza nafasi hizo, wamepishana kimo kwa kadiri ya upana wa kiganja tu, na wote wawili walikuwa mbele ya kamera ileile kwa wakati uleule. Huyu mmoja alipunguzwaje?

Tuanze na mwanga, kwa sababu jibu lote limo humo. Mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka. Mtu akisimama mbele yako, mwale mmoja unatoka utosini mwake na mwingine unyayoni, na yote miwili inaishia jichoni mwako. Kati ya miale hiyo kuna pembe, na pembe hiyo ndiyo habari pekee ya ukubwa ambayo jicho moja hupokea. Sentimita hazimo. Mtu huyo akirudi nyuma hadi umbali uwe mara mbili, pembe inapungua kufikia karibu nusu. Kwa hiyo kitu kidogo kilicho karibu na kitu kikubwa kilicho mbali huweza kuleta pembe moja. Fumba jicho moja, nyoosha mkono, na kidole gumba chako kitaziba mnazi mzima ulio mbali.

Anga lenyewe lina mfano mkubwa wa jambo hili. Kipenyo cha Jua ni takriban mara 400 ya kipenyo cha Mwezi, na Jua liko mbali nasi takriban mara 400 kuliko Mwezi. Ukubwa umegawanywa kwa umbali, na jibu limekaribia kuwa moja. Ndiyo maana Mwezi, ulio mdogo kiasi hicho, huweza kulifunika Jua lote wakati wa kupatwa kamili.

Mbona basi hatuoni watu wakinywea kila wanapotuacha na kwenda zao? Kwa sababu ubongo haukubali pembe peke yake. Kwanza hukadiria umbali, kisha hutumia umbali huo kupata ukubwa halisi. Hapo ndipo penye mlango. Anayeweza kuudanganya ubongo kuhusu umbali ameudanganya pia kuhusu ukubwa, bila kumgusa mtu anayetazamwa.

Sasa tupige hesabu. Chukua mwigizaji mwenye kimo cha sentimita 168, nawe unataka aonekane theluthi mbili ya kimo chake, yaani sentimita 112. Mwenzake yuko mita 2 kutoka kwenye kamera. Ili pembe ya huyu wa kwanza ishuke hadi theluthi mbili, umbali wake lazima uwe mara moja na nusu ya ule wa mwenzake: mita 3. Mita moja tu ya kurudi nyuma, na mtu mzima amekuwa hobiti. Kwa ajili ya kipande kile, mwongozaji Peter Jackson na mafundi wake huko Nyuzilandi walitengeneza gari lenye kiti kilichokatwa, upande wa Frodo ukiwa nyuma ya upande wa Gandalf. Ukitazama kutoka mahali pa kamera, pande hizo mbili zinaungana na kuwa benchi moja.

Meza za ndani ya nyumba zilifuata kanuni hiyohiyo. Vikombe vya upande wa mbali vilipaswa kuwa vikubwa kwa uwiano uleule, mara moja na nusu kwa hesabu yetu, la sivyo meza ingeonekana imevunjika katikati. Waigizaji nao hawakuweza kutazamana. McKellen aliyeonekana akimwangalia Frodo usoni alikuwa akiangalia mahali patupu, huku Wood akiikazia macho hewa iliyokuwa mbele yake. Naona huo ni uigizaji mgumu kuliko wa kulia machozi, na ni nadra kusifiwa.

Tatizo la lenzi lilikuwa jepesi kulieleza ingawa lilikuwa ghali. Mtu wa mita 2 na mtu wa mita 3 wote wanatakiwa waonekane wazi, maana anayefifia anatoa siri ya umbali wake. Dawa ni kufinya tundu linalopitisha mwanga. Ila tundu likipunguzwa kipenyo hadi nusu, eneo lake linabaki robo, na mwanga unaoingia ni robo. Lazima taa ziongezwe mara nne.

Kisha Jackson akataka kamera isogee. Kabla ya hapo hila hii ilihitaji kamera iliyotulia, na sababu yake inaonekana katika hesabu yetu. Kamera ikisogea sentimita 30 kwenda kulia, vitu vyote huonekana vikienda kushoto, lakini cha mita 2 kinahama zaidi kuliko cha mita 3. Gandalf angeteleza mbele ya Frodo, benchi likaachana, na kila mtazamaji akajua. Ili waendelee kushikamana, mtu wa nyuma asogezwe sentimita 15 kwenda kushoto. Fikiria ubao wa pembea wenye egemeo pale alipo Gandalf: kamera iko kwenye upande wa mita 2, Frodo kwenye upande wa mita 1. Huku kukienda kulia, kule kunakwenda kushoto kwa nusu ya mwendo huo. Mafundi waliweka mwigizaji na sehemu ya meza juu ya jukwaa lenye magurudumu, likiongozwa na kompyuta lisogee kwa kipimo kila kamera iliposogea. Filamu ilipata tuzo nne za Oscar, mojawapo ya athari maalumu za picha na nyingine ya upigaji picha, iliyokwenda kwa Andrew Lesnie.

Ukweli ni kwamba hawakutegemea njia hii peke yake. Nyumba ya hobiti ilijengwa mara mbili, kubwa na ndogo, na watu wenye vimo vifupi waliwakilisha mahobiti walioonekana kutoka nyuma.

Mwaka 2012 Jackson alirudi na The Hobbit, safari hii akipiga picha kwa lenzi mbili, kila moja kwa ajili ya jicho moja la mtazamaji. Macho yetu yameachana kwa takriban sentimita 6, na ubongo hulinganisha picha zake mbili ili kupata umbali. Hapo Frodo wa mita 3 angeonekana yuko mita 3 kweli: si hobiti tena, bali mtu wa kawaida aliyekaa nyuma. Kwa hiyo McKellen aliigizia peke yake katika chumba cha kijani, wenzake wakiwa kwenye seti nyingine, na amesimulia hadharani kwamba upweke ule ulimliza. Kamera yake iliiga mienendo ya kamera ya wenzake, kila hatua ikipunguzwa na kompyuta kwa uwiano uliotakiwa kati ya kimo chake na chao.