SOMO LA LUGHA: SALAMU KWANZA, BEI BAADAYE



Hapa kambini Nakivale Kiswahili kinatutosha. Mkongomani na Mrundi wakikutana Base Camp wanaelewana. Lakini ukifika sokoni Mbarara, au ukishuka Biharwe kwenye barabara ya Masaka, wenyeji ni Wanyankore, na wazee wao wengi hawajui Kiswahili. Hapo tunamchukua mtoto atutafsirie. Mtoto anakosa darasa, na mama anaona haya kumweleza muuguzi ugonjwa wake kwa kinywa cha mwanawe. Basi leo tujifunze Kinyankore kidogo, sisi wazazi wenyewe.

1. Salamu

Asubuhi: Oraire ota? (Umelalaje?) Jibu: Ndaire gye.
Jioni: Osiibire ota? (Umeshindaje?) Jibu: Nsiibire gye.
Wakati wowote: Agandi? Jibu: Ni marungi.
Mwanamume mwite sebo, mwanamke nyabo.

Ukimkuta mtu akilima, sema: Webare kukora. Sisi humpa pole kwa kazi. Wao humshukuru kwa kufanya kazi. Ukiruka salamu ukauliza bei moja kwa moja, utaonekana huna adabu.

2. Sokoni

Ni sente zingahi? (Ni shilingi ngapi?)
Eego (ndiyo). Ingaaha (hapana).
Webare munonga (asante sana).

3. Kwa muuguzi

Omwana wangye arwaire (mtoto wangu anaumwa).
Aine omuswija (ana homa).
Omutwe nigunshaasha (kichwa kinaniuma).

4. Ukikwama

Tindikwetegyereza (sielewi).
Gamba mpora (sema polepole).
Ninyega Orunyankore (ninajifunza Kinyankore). Neno hili la mwisho usiliache nyumbani. Anayelisikia hupunguza mwendo na kukusaidia.

Msiogope. Lugha hii ni ndugu ya Kiswahili. Mtu ni omuntu, maji ni amaizi, nyama ni enyama. Katika kuhesabu, ibiri ni mbili, ishatu ni tatu, itaano ni tano, ikumi ni kumi. Aliyekulia Kinyarwanda au Kirundi atasikia mengi zaidi yanayofanana na ya kwao.

Wako wanaosema, "Nijifunze ya nini, nami nangoja kurudi kwetu?" Kambi hii imepokea wakimbizi tangu miaka ya mwisho ya 1950, na wengi walioingia wakidhani ni kwa miezi michache wamezeekea hapa. Katika Yeremia sura ya 29, nabii aliwaandikia waliohamishwa Babeli wajenge nyumba, wapande bustani, na kuutakia amani mji waliomo. Hakuwaambia wasahau kwao. Nasi hatutasahau kwetu kwa sababu tumejua kumsalimu jirani. Na utamtakiaje amani mtu usiyeweza kumwambia hata neno moja?

Zoezi la juma hili

a) Msalimu Mnyankore mmoja kila siku, bila mtoto kando yako.
b) Nunua kitu kimoja kwa Kinyankore tangu salamu hadi asante.
c) Andika kwenye daftari neno moja jipya ulilosikia, uje nalo Jumapili tusomeane.

Ukikosea wakacheka, cheka nao, kisha rudia tena.

Osiibe gye! Yaani, ushinde vema.