Ujumbe Haufiki? Kagua Simu Kabla ya Kufuta Programu

Tangazo la basari linatumwa Jumatatu katika kikundi cha WhatsApp cha wadi. Mzazi analiona Ijumaa, makataa yakiwa yamepita. Lawama huelekezwa kwa mtandao, ilhali mara nyingi tatizo liko kwenye simu na linaweza kurekebishwa kwa dakika chache bila fundi.

Tafuta chanzo kwanza

1. Soma alama zilizo kando ya ujumbe uliotuma. Picha ya saa ina maana kwamba ujumbe haujatoka kwenye simu yako. Tiki moja ya kijivu: umetoka, lakini haujafika kwa mwenzako, huenda simu yake imezimwa au hana data. Tiki mbili: umefika.

2. Fungua tovuti yoyote. Isipofunguka, angalia salio la data, kisha washa hali ya ndege na uizime ili simu itafute mtandao upya. Ikiwa WhatsApp inafanya kazi lakini tovuti hazifunguki, huenda bando lako ni la WhatsApp pekee.

3. Hakikisha tarehe na saa ni sahihi. Zikiwa na makosa, programu inaweza kukataa kuunganishwa. Chagua zijirekebishe zenyewe.

4. Je, ujumbe huingia pale tu unapofungua programu? Ingia kwenye mipangilio ya simu, uruhusu arifa za programu hiyo, kisha uiondolee vizuizi vya kuokoa betri na data.

5. Picha au stakabadhi zikikataa kupakuliwa, huenda simu imejaa. Futa video usizohitaji.

Kuondoa programu na kuiweka upya iwe hatua ya mwisho. Ukifanya hivyo bila kuhifadhi nakala ya mazungumzo, unaweza kuyapoteza yote.

Kila njia ina uzuri na upungufu wake

WhatsApp inatumiwa na wengi, na ujumbe wake husomeka na mtumaji na mpokeaji pekee. Hata hivyo, inahitaji data, na simu za zamani hufika mahali zikaachwa nyuma. Tarehe 4 Oktoba 2021 ilikatika kote duniani kwa takribani saa sita.

Telegram hubeba vikundi vikubwa vya hadi watu 200,000, na mazungumzo yako huyapata hata ukibadilisha simu, kwa sababu huhifadhiwa kwenye mitambo ya kampuni. Hapo ndipo penye upungufu pia: ulinzi kama ule wa WhatsApp hupatikana tu ukichagua mazungumzo ya siri. Novemba 2024, wakati wa mtihani wa KCSE, huduma yake ilitatizika hapa nchini.

Ujumbe mfupi wa kawaida, yaani SMS, hufika hata kwenye kabambe isiyo na intaneti. Lakini haubebi stakabadhi, hauna ulinzi kama wa WhatsApp, na matapeli huutumia sana.

Kwa hivyo, usitegemee njia moja kwa jambo lenye makataa au hadhari ya mafuriko. Mwana wa jirani mwenye simu ya kisasa na mama mwenye kabambe wakipeana habari, hakuna anayeachwa nyuma.

Linda akaunti yako

Usimpe mtu yeyote nambari ya siri ya tarakimu sita inayotumwa na WhatsApp, hata akijitambulisha kama afisa wa kaunti. Anayeipata huchukua akaunti yako na kuanza kuomba jamaa zako pesa. Washa uthibitishaji wa hatua mbili katika mipangilio ya akaunti.

Ikiwa tayari imechukuliwa, sajili nambari yako upya mara moja. Nambari mpya ya siri itakuja kwa SMS, na ukiiingiza, mwizi ataondolewa. Ukiitishwa PIN ambayo hukuiweka wewe, itabidi usubiri siku saba ndipo urudi kwenye akaunti. Wakati huohuo, wapigie jamaa na wasimamizi wa vikundi vyako uwaonye.

Leo, chukua simu yako na upitie hatua hizo tano. Kisha uliza katika ofisi ya wadi yako matangazo hubandikwa wapi, ili siku simu itakapokataa, habari isikupite.