Mwanafunzi Amfundishe Mwenzake: Pumu na Sigara Shuleni



Katika vijiji vya delta ya Rufiji, ambayo sehemu yake kubwa sasa imo katika Wilaya ya Kibiti, safari ya kwenda kituo cha afya huamuliwa na bahari. Maji yakipwa, boti hulala juu ya tope hadi yajae tena. Mtoto aliyebanwa na pumu hawezi kungoja maji. Ndiyo maana twapendekeza elimu ya pumu ianzie darasani, miongoni mwa wanafunzi wenyewe.

Njia hii imekwisha kujaribiwa. Nchini Australia, mpango uitwao Triple A huwaandaa wanafunzi wa madarasa ya juu wawafundishe walio chini yao, nao hao huwafundisha wadogo zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kuwa maisha ya wanafunzi wenye pumu yalikuwa na nafuu zaidi. Baadaye somo la kukataa sigara liliongezwa, na Yordani nayo ikaufuata mpango huo. Kijana wa miaka 13 humsikiliza kaka wa kidato cha tatu kuliko anavyotusikiliza sisi. Hilo hatuna budi kulikubali.

Wafundishane nini? Kwanza, dalili: kukohoa usiku, kifua kubana, pumzi yenye mluzi. Pili, vichochezi, navyo kwetu havikosekani: moshi wa kuni, wa kubanika samaki, wa kuchoma mashamba, na wa sigara ya baba sebuleni.

Tatu, dawa ya kuvuta. Wapo wasemao kuwa dawa hiyo humzoesha mtoto akaitegemea daima. Si kweli, kinachomdhuru ni kuikosa. Mtoto asipoweza kuivuta vizuri, chupa tupu ya plastiki ya nusu lita yafaa kumsaidia: itobolewe kitakoni tundu linalobana mdomo wa dawa, naye aweke mdomo wa chupa kinywani. Akibanwa, aketi wima. Apuliziwe mara moja, avute pumzi nne kupitia chupa, hivyo hivyo hadi mipulizo minne, kisha angoje dakika nne. Asipopata nafuu, rudieni huku safari ya kituoni ikianza. Akishindwa kuzungumza, au midomo ikigeuka rangi, msingoje dakika hata moja. Mnunuapo dawa hiyo, nunueni katika duka la dawa lililosajiliwa, na msome tarehe ya kuisha muda wake.

Kuhusu sigara, Sheria ya Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia mtu aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo sigara moja moja hununuliwa kwa sarafu za kitafunwa. Basi wanafunzi waigize dukani: mmoja ashawishi, mwingine akatae mbele ya wenzake, kwani kukataa nako hujifunzwa kwa kurudia. Mzazi, usimtume mtoto kukununulia sigara. Muuzaji asiyejali umri aripotiwe kwa mtendaji wa kijiji au kituo cha polisi.