Hewa Bora: chama kimoja mlimani, chama kimoja mjini

Mwalimu wa historia wa hapa Bukavu anajibu maswali ya wasomaji.

Swali: Mwalimu, kweli ukomunisti wa Urusi ulifika Kivu ya Kusini?

Jibu: Mafundisho yalifika, zaidi kwa njia ya China na Cuba. Aprili 1965 Che Guevara, kamanda wa mapinduzi ya Cuba, alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma, akatua Kibamba, akakaa na waasi wa Simba, waliopigana na serikali, miezi saba. Yeye aliondoka; mmoja wa viongozi wa waasi hao, Laurent-Désiré Kabila, alirudi. Desemba 1967 alianzisha PRP, Chama cha Mapinduzi ya Watu, kilichofuata Marx na Lenin. Makao yalikuwa Hewa Bora, katika milima ya Fizi.

Swali: Raia waliishije huko?

Jibu: Walilima mashamba ya pamoja, na watoto walisoma shule za chama. Dhahabu na pembe za ndovu zilivushwa Tanzania kwa magendo.

Swali: Na mtu asiyekubaliana na chama?

Jibu: Hilo ndilo linaloniuma, na chanzo chake ni Urusi. Januari 1918 Lenin alilivunja Bunge la Katiba baada ya kikao kimoja tu, maana chama chake hakikupata wingi wa viti. Machi 1921 akaziba mdomo hata ndani ya chama: makundi yalipigwa marufuku. Wiki hizohizo mabaharia wa Kronstadt, walioyabeba mapinduzi mabegani mwao, walishambuliwa kwa mizinga. Walikuwa wamedai mabaraza ya wafanyakazi yachaguliwe upya, kwa kura ya siri. Toka hapo, kuuliza kukawa usaliti. Sasa fikiri juu ya mkulima wa Fizi chini ya chama cha namna hiyo: huku jeshi la Zaire, kule ziwa. Aende wapi?

Swali: Basi Rais Mobutu alikuwa afadhali?

Jibu: Hapana, ndugu. Chama chake, MPR, kilizaliwa mwaka uleule wa 1967, nacho kikajiita Harakati ya Watu ya Mapinduzi. Sikiliza majina ya vyama hivyo viwili: yote yana watu, yote yana mapinduzi. Mataifa ya Magharibi yalimsaidia kwa sababu aliwapinga wakomunisti, huku kila mtoto wa Zaire akihesabiwa mwanachama tangu kuzaliwa, na sisi wa Kadutu na Bagira, hapa Bukavu, tukiitwa salongo, yaani kazi ya lazima ya umma.

Swali: PRP iliishia wapi?

Jibu: Mwaka 1975 iliteka watu wanne wa kituo cha utafiti cha Gombe, Tanzania, 1984 na 1985 ilishambulia Moba, kisha ikasambaratika. Oktoba 1996 Kabila alionekana tena katika AFDL, muungano wa kumpindua Mobutu uliotangazwa Lemera. Bukavu ilianguka tarehe 30, siku moja baada ya Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa kuuawa. Mei 17, 1997, Kinshasa ikatekwa. Siku tisa baadaye shughuli za vyama na maandamano vikapigwa marufuku. Watu wa chama cha UDPS, waliompinga Mobutu tangu 1982 bila bunduki, wakaambiwa wanyamaze tena.