Boti ndogo ya alumini: ya kuuliza kabla ya kutuma pesa ziwani

Wakazi wengi wa Ayany na sehemu nyingine za Kibera wana ndugu wanaovua katika Ziwa Victoria, kuanzia Port Victoria na Usenge hadi Mbita na Sori. Ndugu hao wanapotaka chombo kipya, sehemu ya pesa hutoka Nairobi: mshahara, mkopo wa chama, faida ya kibanda cha Toi. Mbao nzuri ni ghali na mtumbwi huvuja, kwa hiyo boti ya alumini inavutia. Shida ni kwamba anayelipa yuko mbali. Huona picha kwenye simu, na picha haionyeshi yale yanayomwokoa mvuvi mawimbi yakichafuka. Somo hili limeandikwa kwa ajili ya huyo anayelipa.

Kwanza, maji yenyewe. Ziwa Victoria lina zaidi ya kilomita za mraba 68,000. Mawimbi yake si marefu na ya polepole kama ya bahari kuu; ni mafupi, makali na yanafuatana karibu karibu, hivi kwamba boti haijamaliza kushuka moja kabla ya jingine kuipiga. Ndani ya Ghuba ya Winam kuna kinga kiasi. Nje ya Rusinga, kuelekea Mfangano na Remba, ziwa ni wazi. Mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku hugeuka: hewa iliyopoa hushuka ziwani kutoka pande zote, hukutana, hupanda juu na kuzaa mvua za radi zinazoweza kuendelea hadi asubuhi. Saa hizo ndizo za wavuvi wa omena na taa zao. Boti isichaguliwe kwa video iliyopigwa saa nne asubuhi maji yakiwa yametulia.

Alumini ina uzito wa karibu theluthi moja ya chuma. Ndiyo sababu watu wachache huweza kuivuta boti hadi ufuoni, na injini ndogo huisukuma kwa mafuta kidogo. Lakini wepesi huo huo huifanya irushwe na wimbi na kusukumwa na upepo, ilhali mtumbwi mrefu wa Sesse hutulizwa na uzito wake. Kwa kikosi cha watu wanne au watano wenye wavu mzito wa omena nje ya ghuba, boti ya alumini ya mita nne si chombo kinachofaa, hata bei ikiwa tamu. Inawafaa watu wawili au watatu wenye ndoana au nyavu nyepesi wasiokwenda mbali. Pesa zikiruhusu, mita tano ni bora kuliko nne, na upana usipuuzwe kwa ajili ya urefu.

Swali la kwanza kwa muuzaji liwe kuhusu kimo cha ubavu, sio nguvu ya injini. Boti ikiwa imebeba watu wote, injini, mafuta na nyavu, ukingo wake unapaswa kubaki juu ya maji kwa karibu dhiraa moja, yaani kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Sehemu ya kutazamwa zaidi ni tezi, nyuma kabisa, pale injini inapofungwa. Boti nyingi ndogo hukatwa chini hapo ili injini ya shina fupi, la inchi 15, ifike majini. Mvuvi akipunguza mwendo ghafla, wimbi linalomfuata huingilia hapo hapo. Kwa maji machafu ni afadhali tezi iliyoinuliwa na injini ya shina la inchi 20.

Kwa nini sentimita chache zihangaishe watu? Chukua sakafu ya boti yenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 1.2. Maji ya kimo cha sentimita 10 tu ndani yake ni lita 480, na lita moja ya maji ni kilo moja. Hapo karibu nusu tani imeingia bila kualikwa, tena inakimbilia upande ule boti inakoinamia.

Umbo la chini nalo lina maneno yake. Chini bapa hupita vizuri katika maji ya kina kifupi, lakini kwenye wimbi hupiga kama mtu anayepiga meza, na kila pigo hulegeza viungo. Chini lenye ncha kali hukata wimbi, ila boti ikisimama huyumba wavu unapovutwa upande mmoja. Linalofaa ziwani ni la kati: kali kwenye omo, yaani mbele, likilegea kuelekea nyuma.

Chuma hicho chepesi kina daraja zake. Alumini ya paa au ya sufuria si ya boti; ya boti huuzwa kwa namba kama 5052 na 5083, na muuzaji wa kweli anaijua namba yake. Kwa fuo za mawe, milimita 3 chini si nyingi. Chini ya 2 ikataliwe. Boti za ribiti hulegea kwa mapigo lakini hukazwa tena. Zilizochomelewa hazina matundu ya ribiti, ila ufa ukianza kando ya mchomeleo husambaa. Kuchomelea alumini kunahitaji mashine yenye gesi ya agoni, kwa hiyo fundi hodari wa mageti ya chuma anaweza kuiharibu kabisa boti ambayo ingepona. Ulizeni mapema ni nani karibu na ufuo anayeweza kazi hiyo. Kama boti imekwisha kutumika, iwekwe juu ya magogo, itiwe maji ndani, kisha mtu atazame chini kama inadondoka.

Jambo linalosahaulika zaidi ni hili: alumini haielei. Mtumbwi wa mbao ukijaa maji mara nyingi mbao hubaki juu, na watu hushika. Ganda la alumini likijaa huenda chini, isipokuwa limewekewa povu gumu chini ya viti. Hesabu yake si ngumu. Ganda la kilo 150 likiwa limezama lote bado huvuta chini kwa takriban kilo 95. Ongeza injini ya kilo 40. Kuvishikilia hivyo viwili tu kunahitaji povu la lita kama 140, sawa na madumu saba ya lita 20 yaliyofungwa vizuri, na hapo hakuna mtu aliyeshika ukingo bado. Povu liwe lile gumu lisilonyonya maji, kama la ndani ya ukuta wa friji. Sponji ya godoro hunywa maji na kuwa mzigo.

Kuna njia moja ya kuthibitisha. Boti isukumwe hadi maji ya kifuani, kabla ya injini kufungwa, mfuko wa mchanga wa uzito wa injini ufungwe mahali pake, kisha boti ijazwe maji hadi ukingoni. Ikielea ikiwa sawa, vizuri. Ikizama nyuma au kupinduka, povu halitoshi au limewekwa vibaya. Jaribio hilo lifanyike ziwani mbele ya ndugu anayeaminika. Bwawa la Nairobi, ambako mashua za tanga zilicheza zamani, leo limezibwa na magugu na taka.

Malipo ya mwisho yasitumwe kabla ya jaribio hilo na kabla ya stakabadhi za injini kuonekana. Kamati ya usimamizi wa ufuo, BMU, itaeleza utaratibu wa leseni ya uvuvi, na Mamlaka ya Ubaharia Nchini (KMA) hushughulikia vyombo vidogo. Bei ya jaketi za kuokoa maisha, moja kwa kila mtu, iingie katika hesabu ya boti tangu mwanzo, pamoja na makasia mawili na ndoo ya kuchotea maji iliyofungwa kwa kamba. Utabiri wa ziwa kutoka Idara ya Hali ya Hewa unaweza kusomwa Ayany na kupigiwa simu Mbita kabla jua halijatua.